Mafunjo ya Nakivale na ardhi iliyoitwa tupu

Leo tunaongelea maji yetu: ziwa lenyewe, mafunjo yake, na historia ambayo watoto wengi wa kambini hawajawahi kusimuliwa.

Ukitoka Base Camp asubuhi na kinga yako (wenzetu wa Burundi na Tanzania wanasema baiskeli, haya, sawa), unapita mashamba ya mahindi na maharage, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Halafu ghafla hewa inapoa. Mbele kuna ukuta wa mafunjo, marefu kuliko mtu, na ndani yake ndege wanapiga kelele bila kuonekana. Korongo taji, yule wa kwenye bendera ya Uganda, anatembea taratibu kwenye majani mafupi, mara nyingi wawili wawili. Wavuvi wanashusha ngege na kambare. Ushauri wetu ni mmoja tu: jua likianza kushuka, ondoka ukingoni. Kiboko hutoka majini usiku kula majani, na ukimzibia njia ya kurudi hana msamaha.

Ukifuata vinamasi hivyo kuelekea kaskazini, unafika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Huko watalii wanalipa ili watembee kwa miguu au wapande baiskeli, wakiongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Tembo hawamo, ndiyo maana matembezi yanawezekana. Wanaangalia pundamilia, swala pala, na ndege wa mafunjo, ndege walewale tunaowasikia sisi tukienda kununua samaki. Maji ni ya mfumo mmoja. Mto Rwizi unatoka kwenye vilima vya Buhweju, unapita mji wa Mbarara, halafu unatawanyika kwenye vinamasi na maziwa mengi, Mburo na Nakivale yakiwemo, kabla ya maji kuendelea kuelekea Ziwa Victoria. Mwaka 2006 mfumo wa Mburo na Nakivale uliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa mwaka 1971 wa kulinda ardhi oevu duniani. Yaani kinamasi chetu kina jina la kimataifa, na wengi wetu hatuna hata kitambulisho kinachotuvusha mpaka.

Sasa, kwa nini wanyama wako pale na sisi tuko hapa?

Wenyeji wa Ankole wana hadithi ya ndugu wawili, Kigarama na Mburo, waliokaa bondeni. Kigarama aliota kwamba bonde litafurika. Akamwambia ndugu yake wahame, Mburo akapuuza. Maji yakaja, Mburo akazama, na ziwa likachukua jina lake. Kilima kikabaki na jina la yule aliyehama. Sisi watu wa kukimbia tunaielewa hadithi hiyo haraka kuliko wengine.

Historia iliyoandikwa inaanza na ng'ombe. Eneo hili lilikuwa malisho ya Wahima, chini ya Omugabe, mfalme wa Nkore. Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi sana Afrika Mashariki, na huku pia. Baadaye wakaja mbung'o. Nzi huyo anaambukiza ng'ombe ugonjwa unaowakondesha mpaka wafe, na mfugaji asiye na ng'ombe hana sababu ya kubaki. Watu wakahama. Vichaka vikaota. Katikati ya karne ya 20 serikali ikapambana na mbung'o kwa kufyeka vichaka na kuwapiga risasi wanyamapori kwa wingi, ili nzi wakose damu ya kunywa.

Hapo ndipo tunataka msome polepole. Ardhi ambayo nzi na bunduki waliiacha na watu wachache ilianza kuonekana kama ardhi tupu, na serikali ikiona ardhi tupu inachora mistari. Sehemu moja ilikuwa tayari eneo la uwindaji wa kudhibitiwa tangu 1933, ikawa pori la akiba mwaka 1963. Sehemu nyingine ikawa Nakivale. Makazi yalifunguliwa 1958 na kutangazwa rasmi 1960, na Watutsi waliokimbia Rwanda kuanzia 1959 wakapokelewa hapa, wengine na ng'ombe wao. Kinamasi kimoja, mstari wa wanyama na mstari wa wakimbizi.

Mistari hiyo haikutulia. Oktoba 1982 watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa kwenye vijiji vya Ankole, hata waliozaliwa humo. Wengine wakasukumwa kwenye kambi kama Nakivale, wengine wakavuka kurudi Rwanda. Mwaka uliofuata, 1983, serikali ya Obote ikaligeuza pori la Mburo kuwa hifadhi ya taifa, na familia za wafugaji zikatolewa bila fidia. Zikawa na hasira, na hasira hiyo ilionekana: serikali ilipoanguka 1985, watu walirudi, wakafukuza wafanyakazi wa hifadhi, wakabomoa majengo na kuua wanyama. Serikali mpya ikairudisha hifadhi ikiwa chini ya nusu ya ukubwa wake. Kwa maoni yetu wanyama wale waliuawa kwa kosa lisilo lao. Walilipia namna mstari ulivyochorwa.

Upande wetu, wengi wa wale wa 1959 walirudi kwao baada ya 1994. Wakaja wengine kutoka Rwanda, Wakongo baada ya vita vya 1996, Wasomali, Warundi wa 2015. Kila kundi lilikuta mafunjo na kuanza kujifunza upya.

Mafunjo yanafanya kazi ambayo ukiyakata ndipo unaiona. Maji ya mvua yanashuka vilimani na udongo. Yakiingia kwenye mafunjo yanapunguza mwendo, udongo unatua, na mizizi inanyonya mbolea iliyozidi. Maji ya bomba tunayokunywa kambini yanatoka kwenye ziwa hilihili na kusafishwa. Tope likizidi ziwani, kazi ya kuyasafisha inakuwa nzito zaidi.

Tunasikia kila siku kwamba wakimbizi ndio wanaomaliza kinamasi. Mashamba ya kambini yamesogea karibu na maji, hilo tunaliona kwa macho. Lakini Rwizi unaumwa kabla ya kufika kwetu: migomba mpaka ukingoni, uchimbaji wa mchanga, matofali, uchafu wa mji. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinataka ukingo wa mita 100 uachwe kwenye mito mikubwa. Panda kinga, fuata mto, uhesabu mwenyewe ni wapi ukingo huo bado upo.

Baadhi ya wazee waliofika miaka ya 1960 bado wako hapa, na wanakumbuka mafunjo yalipoishia zamani. Jumamosi tunatembea nao ukingoni, na kila mahali wanapoonyesha tunaweka jiwe na kupiga picha. Mwenye kinga iliyo na breki aje nayo, tutawabeba wasioweza kutembea mbali.