Mizani na Ulimi: Ukaguzi wa Chai katika Kericho na Bomet

Tangu mashamba makubwa ya chai yalipoanza kuenea katika nyanda za Kericho katikati ya miaka ya 1920, juu ya ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis, na ambayo sehemu yake ilikuwa imegawiwa kwanza maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani, zao ambalo bei yake iliporomoka kabla kilimo chenyewe hakijatengemaa, majani ya mchai yamekuwa yakihukumiwa na makadhi wawili wasiofanana kwa tabia wala kwa ushahidi waupokeao, nao ni mizani na ulimi. Wa kwanza huulizwa ni kiasi gani. Wa pili huulizwa ni namna gani. Ikhtilafu hiyo, ambayo wakaguzi wa siku hizi huisoma vyuoni chini ya vichwa vya vyombo vya hesabu na vyombo vya sifa, aliijua zamani kila mchumaji aliyesimama jioni kwenye foleni, kikapu mgongoni, akingoja karani.

Mizani ndiyo iliyotawala, kwa kuwa ujira ulifungamana nayo. Mchumaji alilipwa kwa ratili, na baadaye kwa kilo, na hesabu ina adabu moja ya kupendeza, kwamba haimjui mtu: yeyote atakayeirudia kwa mizani iliyo sawa atapata jawabu lilelile (nami nasema iliyo sawa kwa kukusudia, maana manung'uniko ya uzito uliopunjwa si mageni masikioni mwa wakulima wetu). Amma upungufu wa mizani ni kwamba haioni. Jani gumu lililokomaa lina uzito, na alipwaye kwa uzito peke yake hana sababu ya kuliacha kichakani. Ndiyo maana ikawekwa kaida ya majani mawili na kichipukizi, na nyapara akapewa kazi ya kutazama. Na wakulima wadogo walipojumuishwa chini ya KTDA, mamlaka ya kuendeleza kilimo cha chai iliyoundwa mwaka 1964, kaida hiyo ikahamia katika vituo vya kununulia majani, huku Litein na kule Kapkoros, ambako mavuno humwagwa na kuchambuliwa kwanza, kisha yakapimwa.

Hapa ndipo penye jambo linalowapotosha wakaguzi wengi. Mkaguzi wa majani huchukua konzi kutoka katika gunia, akatenga mema na mabaya, akaandika asilimia. Asilimia hiyo imevaa vazi la hesabu, lakini asili yake ni jicho: shina lenye majani mawili na la tatu laini litakubaliwa na mmoja na kukataliwa na mwenziwe, na wala hakuna aliyesema uongo. Kwa hiyo kuzijumlisha asilimia hizo upya, hata mara kumi, hakuthibitishi kitu ila kwamba karani anajua kujumlisha. Lipasalo kukaguliwa ni mwafaka wa macho, yaani watu wawili wapewe konzi lilelile, kila mmoja achambue pasipo kuiona hukumu ya mwenzake, kisha hukumu hizo zilinganishwe. Mashine za kuchuma nazo zimelizidisha jambo hili, kwa maana mizani huzisifu na meza ya kuchambulia huzilaumu, ingawa ugomvi wa mwaka 2023, mashine zilipochomwa moto Kericho, ulihusu ajira kuliko ladha.

Ndani ya kiwanda hesabu huwa na wasaa zaidi. Unyevu wa jani lililonyaushwa, joto la tanuri la kukaushia, saa za kuchachusha, vyote hupimika, na vyote vyaweza kutiwa katika ile chati aliyoibuni Mmarekani Walter Shewhart mwaka 1924, inayopambanua mabadiliko ya kawaida na yale yenye sababu ya kutafutwa. Hata madaraja ya chai, BP1, PF1, PD na D1, ambayo watu wengi huyadhania kuwa ni vyeo vya ladha, ni majina ya ukubwa wa chembe zilizopita katika chekeche.

Kisha chai hufika mezani kwa muonjaji. Kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1980 huagiza gramu 2 za chai kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, kwa dakika 6, ili vikombe vyote viwe sawa na ulimi usidhulumiwe na maandalizi. Hapo hesabu huwa mtumishi wa sifa, wala si badala yake. Katika taasisi ya utafiti wa chai iliyoasisiwa Kericho mwaka 1951, wanakemia wamepima theaflavini, zinazoipa chai wangavu na ukali wake, wakitafuta namba itakayosema lile alisemalo muonjaji. Na namba hiyo ina manufaa makubwa. Hata hivyo, katika mnada ulioanza Nairobi mwaka 1956 na kuhamia Mombasa mwaka 1969, mnunuzi bado huonja kabla hajataja bei.

Na bei hiyo ndiyo izaayo bonasi, malipo ya mwisho wa mwaka kwa mkulima mdogo, ambayo kila itangazwapo, wakulima wa Kericho na Bomet huuliza kwa uchungu kwa nini wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa wamepata zaidi kwa kila kilo. Kiwango cha bonasi ni namba, nacho hakiwezi kueleza sababu yake. Viwanda vya KTDA ni kampuni, na wakulima ndio wenye hisa. Basi katika mkutano mkuu wa mwaka, baada ya kusomewa jumla ya kilo na shilingi, na waombe pia kusomewa maneno ya waonjaji juu ya chai yao, mwezi kwa mwezi, kama yalivyoandikwa.