Wimbo wa Siku ya Kuhitimu

Natumaini madarasa yote ya Handeni na Korogwe yamekwisha kukaa, mwalimu ana chaki mkononi, na kila mtu ana daftari lake. Somo letu la leo ni la historia, lakini halitaanza na wafalme wala vita. Litaanza na binti mmoja na piano.

Binti huyo anasoma katika chuo cha ualimu, na kwao ni Handeni. Mama yake ni mwanafunzi wa darasa mojawapo la watu wazima, naye ndiye aliyenieleza habari hii. Mwezi ujao binti atahitimu. Walimu wake wamemteua apige piano siku ya mahafali, mbele ya wageni na wazazi, na wamemwachia achague wimbo mmoja mwenyewe. Anavyo vitabu vya muziki wa Ulaya, na ndani yake mna nyimbo nzuri sana. Mama yake akaniuliza, "Bwana Elimu, sisi tuliouza mbuzi ili asome, siku hiyo tutaelewa kitu, au tutakaa kama wageni?"

Swali hilo si dogo. Nami lilinichoma. Siku nilipopokea diploma yangu ulipigwa muziki mzuri, na njiani baba yangu akaniuliza, "Ule wimbo ulikuwa unasema nini?" Sikuwa na jibu. Basi leo tutafute jibu katika historia. Tutazame watu wengine walivyochagua nyimbo za siku zao kubwa.

Kwanza tujue piano ni kitu gani. Piano ni sanduku kubwa la mbao lenye nyuzi za chuma ndani. Mbele yake kuna vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo iliyofunikwa sufu ngumu huupiga uzi, na sauti hutoka. Ukibonyeza taratibu, sauti huwa ndogo. Ukibonyeza kwa nguvu, sauti huwa kubwa. Aliyekibuni chombo hiki ni fundi mmoja wa Italia, Bartolomeo Cristofori, katika mji wa Florence, kiasi cha mwaka 1700. Msikichanganye na kile kinanda cha kanisani ambacho mpigaji hukanyaga kwa miguu ili kukipa upepo. Kile hakina nyundo.

Piano ni nzito, unyevu huharibu sauti yake, na mchwa hupenda mbao zake. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, kwa hiyo sanduku zito liliweza kufika pale kwa garimoshi. Handeni haikuwa na reli. Kwa sababu kama hizo shule nyingi za misheni katika Afrika zilifundisha nyimbo bila chombo chochote. Walimu waliandika ubaoni do, re, mi, fa, so, la, ti. Njia hiyo ilienezwa katika karne ya 19 na mchungaji Mwingereza, John Curwen, aliyejifunza kutokana na kazi ya mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover. Mtoto aliyezijua hatua hizo saba aliweza kuusoma wimbo kama ninyi mnavyosoma neno. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

(Mwalimu aandike ubaoni: 1905. Darasa lisome pamoja.)

Wazee wengi wanaujua mwaka 1905 kwa habari ya Vita vya Majimaji, vilivyoanza kusini mwa nchi yetu. Lakini mwaka huo huo yalitokea mambo matatu mengine, katika nchi tatu mbalimbali, ambayo yatatusaidia katika swali letu.

Jambo la kwanza lilitokea Marekani. Mtunzi wa muziki wa Uingereza, Edward Elgar, alialikwa na Chuo Kikuu cha Yale kupewa shahada ya heshima mwezi wa Juni. Ili kumheshimu mgeni, wenyeji walipiga muziki wake wa maandamano uitwao Pomp and Circumstance, namba 1. Muziki huo ulikuwa umepigwa mara ya kwanza Liverpool mwaka 1901. Haukutungwa kwa ajili ya wahitimu. Ulifanana zaidi na gwaride la askari, na mwaka 1902 sauti yake ilitiwa maneno ya kuusifu ukuu wa Uingereza. Lakini vyuo vingine vya Marekani viliiga, na leo watu wengi huko wakiusikia hudhani ulizaliwa kwa ajili ya mahafali. Sivyo. Ulichaguliwa siku moja kumheshimu mgeni, kisha ikawa desturi.

Jambo la pili linamhusu Samuel Coleridge-Taylor. Alizaliwa London mwaka 1875. Mama yake alikuwa Mwingereza, na baba yake alikuwa daktari kutoka Sierra Leone. Akiwa bado kijana alipata sifa kubwa Uingereza na Marekani kwa utunzi wake. Mwaka 1905 kilitolewa kitabu chake cha nyimbo 24 kwa ajili ya piano. Nyimbo hizo zilitokana na nyimbo za Waafrika, na za watu weusi wa Marekani na visiwa vya ng'ambo. Kitabu kilitanguliwa na maneno ya Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa Marekani aliyezaliwa katika utumwa. Coleridge-Taylor alieleza kwamba alitaka kuzifanyia nyimbo hizi kama Brahms alivyozifanyia nyimbo za Hungaria, na Grieg nyimbo za Norway. Alichukua wimbo wa watu, akaupa nafasi katika piano bila kuuonea haya.

Basi msidhani kwamba piano ni mali ya nyimbo za Ulaya tu. Chombo ni kama sufuria. Haijali kama umeipikia wali au makande.

Hata hivyo pana tahadhari. Katika kitabu kile umo wimbo wa kusini-mashariki mwa Afrika ambao jina lake, kwa Kiswahili, ni kama kusema "Hawataki Kuniazima Mtoto." Jina lenyewe ni la huzuni. Mtu akiupiga siku ya furaha kwa sababu tu ni wa Kiafrika, bila kuuliza unasema nini, atakuwa amekosea kama mimi nilivyokosa jibu mbele ya baba yangu.

Jambo la tatu ni la msiba. Mwezi wa Aprili mwaka 1905 alifariki mwalimu mmoja mjini Johannesburg, umri wake miaka thelathini na kidogo tu. Jina lake Enoch Sontonga. Alikuwa Mxhosa, mwalimu wa shule ya misheni ya Methodisti na kiongozi wa kwaya. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo. Mwaka 1897 alitunga mmoja kwa lugha yake, Nkosi Sikelel' iAfrika, yaani Mungu Ibariki Afrika.

Sasa sikilizeni jinsi wimbo huo ulivyotembea. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika sherehe ya kumweka wakfu mchungaji mmoja Mwafrika wa Methodisti. Ile nayo ilikuwa siku ya mtu kukabidhiwa kazi aliyoisomea, kama mahafali. Tarehe 8 Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliuimba London ili utiwe katika sahani ya santuri, na aliyempigia piano ni Bibi Sylvia Colenso. Baadaye mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, sauti ya wimbo ule ilikuwa ndiyo sauti ya wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia nayo iliichukua mwaka 1964, ikatia maneno yake. Afrika Kusini yenyewe, alikozaliwa mtunzi, ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo ukawa wimbo wa taifa.

Mwalimu yule hakuona hata moja ya siku hizo za uhuru. Aliwatungia wanafunzi waliokuwa mbele yake, kwa lugha waliyoielewa, kwa sauti ambazo kwaya ingeweza kuzibeba. Kwa hiyo wimbo ulibebeka, ukavuka mipaka.

Narudi kwa binti yetu. Juma lililopita alitoka chuoni akaja nyumbani Handeni, akakaa jikoni na bibi yake mzaa mama. Akamwomba amwimbie wimbo wa Kizigua ambao bibi alimbembelezea alipokuwa mchanga. Bibi akaimba, na mjukuu akaandika katika daftari: do, re, mi. Kazi haikuwa rahisi, maana kila mara bibi alipofika mstari wa tatu aliuimba kwa namna nyingine. Kisha bibi akauliza, "Wimbo huu ni wa kulaza mtoto. Unataka wageni wako walale?"

Wote wakacheka. Lakini historia ina jibu la swali la bibi. Mwaka 1963 jirani zetu wa Kenya walikuwa wanajiandaa kwa uhuru. Jopo la watu watano lilipewa kazi ya kutafuta wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Sauti waliyoichagua ilitokana na wimbo wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, ambao mama humwimbia mtoto wake. Waliupata kwa Mzee Meza Galana. Tangu tarehe 12 Desemba 1963 wimbo uliokuwa ukiwalaza watoto umekuwa ukiwasimamisha watu wazima kwa heshima.

Basi nilimpelekea binti maswali matatu, nanyi yaandikeni.

La kwanza: Nani watakuwapo ukumbini? Wageni rasmi watakuwapo, lakini watakuwapo pia mama na bibi waliolipa kwa jasho.

La pili: Wimbo unasema nini, na ulitoka wapi? Asiyejua asiupige mpaka amejua.

La tatu: Je, mikono yako inauweza? Wimbo mdogo uliopigwa sawasawa hupendeza kuliko wimbo mkubwa uliovunjika katikati.

Sikumkataza kupiga muziki wa Ulaya. Muziki ule ni kazi ya akili za watu, na binti ameutolea jasho miaka miwili. Akiuchagua, nimemwomba jambo moja tu: kabla hajakaa kwenye piano asimame aeleze kwa maneno machache ulitungwa na nani na kwa nini. Na akichagua wimbo wa bibi yake, afanye vilevile, ili mgeni rasmi naye asikae kama mgeni.

Jana mama yake alinipigia simu. Binti amekwisha kuchagua. Anajifunza wimbo wa bibi, kwanza kwa mkono wa kulia peke yake kama sauti ya bibi, kisha mikono yote miwili. Mstari wa tatu ataupiga mara mbili, kwa namna mbili, kwa kuwa bibi hakukubali kwamba mmoja ni sahihi kuliko mwingine. Naye bibi ameuliza nauli ya kwenda chuoni ni kiasi gani.

Nanyi wazee wangu, mtakapomaliza masomo haya mtakuwa na siku yenu ya kupokea vyeti. Huenda hapatakuwa na piano, lakini wimbo utakuwapo. Msingoje Bwana Elimu awachagulie.

Maswali ya darasa:

1. Kwa nini muziki wa Elgar ulipigwa Yale mwaka 1905?
2. Enoch Sontonga alikuwa na kazi gani, na alitunga wimbo gani mwaka 1897?
3. Wimbo wa taifa wa Kenya ulitokana na wimbo wa namna gani?
4. Kila mtu aandike jina la wimbo mmoja wa kwao ambao angependa uimbwe siku ya vyeti, na sentensi mbili za kueleza unasema nini. Asiyeweza kuandika peke yake amtajie jirani yake, waandike pamoja.

Mpaka juma lijalo, wakati kama huu. Kwaherini.