Kutoka Jalada hadi Ubao wa Matangazo: Historia ya Kujifunza Sera za Umma Kampala

Wahenga walinena: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Amali, wanafunzi wapenzi, ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ni kazi au tendo. Methali hii haidharau elimu ya darasani, maana nta nayo ina matumizi yake. Inatukumbusha tu kwamba aliyepanda mtini kutafuta asali hawezi kuridhika akirudi nyumbani na nta peke yake.

Leo tutaitazama methali hiyo kwa jicho la historia, na mahali petu pa kutazamia ni Kampala, jiji kuu la Uganda. Kila mwaka vijana wa vyuo vikuu, wenyeji na wageni, huingia katika ofisi za jiji hilo kwa miezi michache: wizarani, bungeni, katika halmashauri na katika asasi za kiraia. Wanasoma sera za umma na papo hapo wanashiriki kazi ya wale wanaozitekeleza. Kujifunza kwa namna hiyo kuna majina kadhaa katika Kiswahili: mafunzo kwa vitendo, uanagenzi na, hasa nchini Tanzania, utarajali. Swali letu ni hili: mwanagenzi anafundishwa kulitii jalada lililowekwa mezani pake, au anafundishwa kuuliza kama yaliyoandikwa humo yametendeka?

Mafundi kumi na wanne

Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa vijana 14, nao walifunzwa useremala, ujenzi na umakanika. Baadaye yaliongezwa masomo ya utabibu, kilimo na ualimu. Serikali ya kikoloni ilihitaji mikono na makarani. Haikuwa na haja ya watu wa kushauriana nao juu ya namna nchi inavyotawaliwa.

Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza Makerere ikuzwe iwe chuo cha elimu ya juu kwa Afrika Mashariki yote. Mwaka 1949 ikawa chuo kikuu kishiriki kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London. Katika miaka hiyo walipita pale vijana ambao baadaye waliongoza mataifa: Julius Nyerere alisoma huko kati ya 1943 na 1945, Milton Obote aliingia mwishoni mwa muongo huohuo, na Mwai Kibaki alihitimu shahada ya uchumi mwaka 1955.

Hata hivyo, kati ya kilima cha Makerere na ofisi za watawala palikuwa na umbali usiopimwa kwa maili. Makao ya serikali yalikuwa Entebbe, na maamuzi makubwa yalifanywa na gavana na maofisa wake. Kijana aliweza kujifunza jinsi Bunge la Uingereza linavyotunga sheria, ilhali hakuna mkutano aliokaribishwa kusikiliza jinsi bei ya pamba ya babaye ilivyopangwa. Pamba yenyewe haikuwa jambo dogo. Mwaka 1949 kulizuka ghasia katika Buganda, na miongoni mwa madai ya wananchi yalikuwemo haki ya kuchambua pamba yao wenyewe na haki ya kuwachagua machifu wao. Somo la sera lilikuwa likiendelea barabarani wakati mlango wa darasa umefungwa.

Wapimaji na wapimwao

Mwaka 1947 chuo kimoja cha mji mkuu wa Marekani, American University, kilianzisha mpango wa kuwaleta wanafunzi wa vyuo vingine Washington kwa muhula mmoja, wajifunze serikali yao kwa kuiona kwa karibu. Mwaka uliofuata, 1948, palianzishwa Makerere Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki. Mambo haya mawili yalikaribiana kwa tarehe, lakini roho zake zilikuwa mbali. Kule Washington, raia kijana alipelekwa kuitazama serikali aliyokuwa na haki ya kuipigia kura. Kule Makerere, wataalamu, wengi wao kutoka ng'ambo, waliwatazama watawaliwa.

Haimaanishi kwamba kazi yao ilikuwa bure. Chini ya Audrey Richards, aliyeiongoza taasisi hiyo kuanzia mwaka 1950, watafiti walichunguza wahamiaji waliokuja Buganda kutafuta kibarua na namna machifu walivyofanya kazi. Mwaka 1957 Aidan Southall na Peter Gutkind walichapisha kitabu juu ya Kampala na vitongoji vyake, wakieleza kwa kina maisha ya Kisenyi na Mulago. Mji ule ulikuwa na tawala mbili: upande mmoja mji wa Kampala uliosimamiwa na wakoloni, upande wa pili Kibuga, makao ya ufalme, uliokuwa chini ya serikali ya Kabaka huko Mengo. Barabara, maji na taka za jirani wawili ziliweza kuwa chini ya mamlaka mbili tofauti. Jambo kama hilo halionekani vizuri kwenye ramani iliyotundikwa ukutani; huonekana kwa mtu anayetembea mtaa kwa mtaa akiuliza.

Wasaidizi Waafrika waliosaidia kukusanya habari hizo walikuwa, kwa namna fulani, wanagenzi wa mwanzo wa sera za umma jijini. Ila vitabu viliandikwa kwa Kiingereza na kusomwa na maofisa na wasomi. Mkazi wa Kisenyi alihojiwa, akahesabiwa, akaelezwa; ripoti haikurudi kwake.

Uhuru, kisha hofu

Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, haja iligeuka ghafla. Taifa jipya lilihitaji makatibu, wachumi, mahakimu na wakuu wa wilaya. Mwaka 1963 Makerere iliungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Kwa mara ya kwanza, mwanafunzi wa siasa au uchumi aliweza kutazamia kwamba ofisi anayoisoma ndiyo atakayoifanyia kazi.

Matumaini hayo hayakudumu. Idi Amin alitwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971. Mwaka uliofuata, Septemba 1972, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani Kampala, asionekane tena. Mwezi uliofuata alichukuliwa Frank Kalimuzo, makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere, mtu aliyekuwa mtumishi wa ngazi ya juu serikalini kabla ya kukabidhiwa chuo. Naye hakurudi. Wahadhiri na watumishi wengi walikimbia nchi.

Tuzingatie maana ya jambo hili kwa somo letu. Kujifunza kwa vitendo kunamhitaji mkubwa wa kazi anayethubutu kueleza kwa nini uamuzi fulani umefanywa, na mdogo anayethubutu kuuliza. Ofisi ikitawaliwa na hofu, mdogo hujifunza jambo moja tu: kunyamaza. Ukimya huo hauondoki siku mtawala anapoondoka.

Fedha zilizopotea njiani

Baada ya Januari 1986, serikali mpya ya Yoweri Museveni iliunda mabaraza ya wananchi kuanzia kijijini hadi wilayani. Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 ziliyapa mabaraza hayo nguvu ya kisheria. Mamlaka na fedha vilianza kushuka kutoka Kampala kwenda wilayani. Swali likawa: vikishuka, vinafika?

Mwaka 1996 ulifanyika uchunguzi uliokuja kuwa mfano unaofundishwa duniani kote. Watafiti, miongoni mwao Ritva Reinikka na Jakob Svensson, walifuatilia ruzuku ambayo serikali ilitoa kwa shule za msingi, mbali na mishahara ya walimu. Hawakutosheka na vitabu vya hesabu vya wizara. Zilitembelewa shule 250, zikaulizwa swali jepesi: mlipokea kiasi gani? Matokeo yalishtua. Kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo ndiyo iliyofika shuleni. Shule nyingi hazikupata chochote, na zile zilizokuwa katika jamii zenye uwezo zilipata zaidi kuliko zilizokuwa katika jamii maskini. Kwenye majalada ya Kampala fedha zilikuwa zimetumwa. Darasani, wazazi waliendelea kuchangishwa.

Serikali ilichukua hatua isiyohitaji mitambo wala majeshi. Ilianza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika hadharani kiasi zilichopokea. Mzazi akaweza kulinganisha namba mbili. Kufikia mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ya ruzuku ilikuwa ikifika shuleni. Wachunguzi wengine baadaye walionya kwamba sifa zote zisipewe magazeti, kwa kuwa katika miaka ileile palikuwa na mageuzi mengine ya fedha na usimamizi. Onyo hilo ni la haki, nalo ni sehemu ya elimu ya sera: jambo jema likitokea, usikimbilie kutaja sababu moja.

Umuhimu wa haya yote ulizidi mwaka 1997, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Shilingi iliyopotea njiani sasa ilikuwa ni chaki na kitabu cha mtoto ambaye hajawahi kuingia darasani.

Muhula wa mwanagenzi wa leo

Mageuzi hayo ya wilaya yalibadili pia chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa Wakfu wa Rockefeller na Benki ya Dunia, Makerere iliendesha mpango wa kuandaa wataalamu watakaotumika katika serikali za mitaa, na mafunzo kwa vitendo yakapewa uzito mpya. Aghalabu hufanyika katikati ya mwaka, mihula miwili mikuu ikiisha. Ratiba hiyo ina bahati yake. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, na bajeti husomwa mwezi Juni. Mwanagenzi aliyeingia ofisini wakati huo huona hesabu za mwaka mmoja zikifungwa na ahadi za mwaka mwingine zikifunguliwa.

Pana mengi ya kuona. Kituo cha Utafiti wa Sera za Uchumi kipo Makerere tangu mwaka 1993. Shirika la ACODE, lenye makao jijini, limekuwa likipima utendaji wa mabaraza ya wilaya tangu mwaka 2009. Mamlaka ya Jiji la Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, ina tarafa tano: Kati, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga, katika kila mojawapo sera ya masoko, mifereji au taka hukutana na watu wenye majina na madai.

Lakini tusiyapake rangi mambo haya. Mahmood Mamdani, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya Makerere, alilalamika kwamba chuo kilipofungulia milango wanafunzi wa kulipa karo, soko lilianza kuamua nini kifundishwe. Mwanagenzi anaweza kugeuzwa karani asiye na mshahara, kazi yake kunakili na kupanga majalada, na hapo tunarudi mwaka 1922 kwa mlango wa nyuma. Tena, kazi isiyolipwa ina gharama: nauli ya kila siku, chakula cha mchana, pango. Kijana anayetoka familia maskini, ambaye pengine ndiye aliyesoma katika shule ambayo ruzuku haikufika, ndiye anayeshindwa kukaa katika ofisi ambako ruzuku inapangwa. Hasara hiyo si yake peke yake, kwa kuwa ofisi inamkosa mtu ambaye angejua swali la kuuliza.

Lugha nayo ni mlango. Majalada ya Kampala huandikwa kwa Kiingereza, na kwenye foleni za wananchi husikika zaidi Kiganda. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Anayejifunza Kiswahili leo asidhani anajifunza salamu na ngeli tu. Lugha ambayo mwananchi anaielewa ndiyo inayoamua kama tangazo lililobandikwa ni habari au ni pambo la ukuta.

Ibara ya 41 ya Katiba ya Uganda inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2005 ikaeleza utaratibu wake. Haki hiyo haina nguvu mpaka mtu aitumie. Basi mwanagenzi akimaliza muhula wake, asipimwe kwa idadi ya mikutano aliyohudhuria wala kwa barua ya sifa aliyopewa. Aulizwe: ni sera ipi uliyoifuata kutoka jaladani hadi mahali ilipokusudiwa kufika, na ulikuta nini?

Msamiati

Amali: kazi, tendo.
Jalada: faili la ofisini linalohifadhi barua na nyaraka.
Mwanagenzi: mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya chini ya mwenye ujuzi.
Ruzuku: fedha za msaada zinazotolewa na serikali.
Tarafa: sehemu ya utawala ndani ya jiji au wilaya.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kubandika namba mbili hadharani kuliweza kubadili tabia za maofisa?
2. Katika nchi yako, ni nani anayeweza kumudu uanagenzi usio na malipo, na ni nani asiyeweza?
3. Tunga sentensi tatu ukitumia maneno "sera", "jalada" na "ruzuku".