Hesabu za Zahanati na Suala la Wepesi

Katika zahanati za mashambani wilayani Handeni, za kata kama Kang'ata, hesabu ya wagonjwa kwa miaka mingi ilianzia kwenye kalamu. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulianza kuenezwa nchini mnamo 1993. Mhudumu alimwandika kila mgonjwa kitabuni, na mwisho wa mwezi muhtasari ukapelekwa wilayani. Huko ndiko karatasi zilikokutana na kompyuta, na huko ndiko lilikozuka suala ambalo aghalabu huachiwa mafundi: katika programu ya kutunza takwimu, wepesi upi ubakie, na upi uondolewe?

Programu yenyewe, DHIS, ilizaliwa Afrika Kusini baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka mwaka 1994. Ilijengwa juu ya Microsoft Access. Zanzibar iliipokea mwaka 2005. Lililowavutia wengi si hifadhidata, bali majedwali ya Excel yaliyotokana nayo. Afisa aliweza kuyageuza apendavyo, akatazama surua kwa mwezi, kisha kwa kituo, pasipo kumwomba mtaalamu yeyote. Wepesi huo ulikuwa na gharama yake. Kila ofisi ilishika nakala yake, na kosa lililosahihishwa wilayani liliweza kudumu wizarani. Nao watoto wasiochanjwa hujulikana kwa hesabu hizo hizo.

DHIS2, iliyoanza kutengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo mnamo 2004, ilikusudiwa mtandao: kompyuta kuu moja, hesabu moja. Kenya iliieneza nchi nzima mwaka 2011. Lakini watu waliozoea Excel hawakuwa tayari kuiacha, na si ajabu. Basi ikatengenezwa MyDatamart, programu ndogo ya kuteremsha takwimu ili majedwali ya zamani yaendelee. Baadaye majedwali ya namna ile yalipowekwa ndani ya DHIS2 yenyewe, MyDatamart ikaachwa. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwa kuwa programu ile ilikuwa inarudisha maradhi yale yale ya nakala nyingi.

Wepesi wa pili ulibakizwa. Mtandao wa Kenya ulikatika mara kwa mara, kwa hiyo ukurasa wa kuingizia takwimu ukawezeshwa kuzihifadhi katika kompyuta ya karani hata mawasiliano yarejee. Hii nayo ni nakala, lakini ni nakala ya njiani. Haidai kuwa neno la mwisho. Hatari yake ni ndogo ila ni ya kweli: karani aweza kudhani kazi imefika, kumbe ingali mezani pake, na mwingine akaifuta asijue.

Tanzania Bara ilipoeneza mfumo huo katika mikoa yake, kufikia 2013, vitabu vya MTUHA havikuondolewa zahanatini. Tarakimu ya kompyuta ilipotiliwa shaka, ilibidi kitabu kifunguliwe na majina yahesabiwe upya.