Jina la Ugonjwa na Jina la Mgonjwa: Historia Fupi ya Neno "Mkoma"

Kazi ya istilahi si kuunda majina ya mambo mapya tu. Mara nyingine hutupasa kuyapima majina tuliyorithi, tuone kama bado yanasema kweli. Neno tulilolichagua hapa ni "mkoma".

Kisarufi, "mkoma" limefungamana na "ukoma" kama "mzee" lilivyofungamana na "uzee". Kiambishi u- hutaja hali, na m- humtaja mwenye hali hiyo. Lakini mzee harudi ujanani. Hivyo neno "mkoma" humfunga mtu katika hali isiyomtoka, hata akiwa amepona. Aliyeugua malaria hatumpi jina la malaria. Tunamwita mgonjwa, na akipona jina hilo humwondokea.

Zamani fikra hiyo ilikuwa na chanzo chake. Ukoma haukuwa na dawa, na wagonjwa walitengwa hadi kufa. Mwaka 1873, Gerhard Armauer Hansen, daktari wa Norwei, alivigundua vijidudu vya ugonjwa huu, na hoja ya laana ikaanza kudhoofika. Dawa za jamii ya salfoni zilipatikana miaka ya 1940. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za mseto, na leo matibabu hayo huchukua miezi 6 au 12 kwa kadiri ya aina ya ugonjwa.

Ilidhihirika pia kwamba vidole havidondoki kwa kuoza. Ugonjwa huharibu neva, ngozi ikafa ganzi, na mtu huungua au hujikata asisikie maumivu. Kwa hiyo aliyepona huenda bado akahitaji viatu vya kinga na kukagua mikono na miguu yake kila siku. Huko ni kutunza viungo vyake. Hakumfanyi kuwa mgonjwa.

Lugha nayo ilidaiwa kubadilika. Kongamano la Kimataifa la Ukoma la Havana, mwaka 1948, lilishauri kuacha kumwita mgonjwa kwa jina la ugonjwa wake. Mwaka 1995 Brazili ilipiga marufuku kwa sheria jina la kale la ugonjwa wenyewe katika hati za serikali, ikaweka jina lililotokana na Hansen.

Je, nasi tuliache neno "ukoma"? Hatuoni hivyo. Ni neno linalojulikana hadi vijijini, na anayeona baka lisilo na hisia katika ngozi yake hana budi kuelewa mara moja anaambiwa nini, ili awahi matibabu. La kuachwa ni "mkoma". Aliye katika matibabu aitwe "mgonjwa wa ukoma". Aliyepona, ikilazimu kuitaja historia yake, aitwe "aliyewahi kuugua ukoma". Vitenzi vyetu vinatofautisha yaliyopo na yaliyopita, tuvitumie. Na isipolazimu, jina alilopewa na wazazi wake latosha.