Kadi ya Krismasi Iliyotiwa Rangi kwa Mkono

Krismasi inapokaribia, wengi wetu hukata karatasi nene, huchovya brashi, na kuchora nyota na hori kwa rangi za maji. Desturi hii ilianza wapi?

Mwaka 1843, huko London, bwana Henry Cole alilemewa na barua za kujibu, maana tangu 1840 barua ilipelekwa kwa peni moja tu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi. Zilichapwa zipatazo 1,000, kisha zikatiwa rangi moja moja kwa mkono, zikauzwa shilingi moja, bei isiyokuwa ya maskini! Katikati ya kadi jamaa wanakula na kunywa. Hata mtoto ananyweshwa divai, jambo lililowaudhi sana wapinga ulevi. Kelele ziliishia kwenye bilauri hiyo. Lakini tazameni ubavuni: upande mmoja wenye njaa wanalishwa, upande wa pili walio uchi wanavikwa, mambo yale tunayoyasoma katika Mathayo 25.

Sisi wa Mombasa tuna ubavu wetu. Kibarani, pale barabara ya Makupa inapotoka kisiwani, palikuwa jaa la mji hata lilipofungwa mwaka 2018. Makombo ya sikukuu zetu yalimwagwa huko, na watu waliyachambua wapate riziki. Baadaye miti ikapandwa, naye apitaye kwa gari haoni taka. Katika kadi tulizochora juma hili, ndugu zangu, ipo hata moja ya jamaa wale?