Bastola ya kale kwa kulenga shabaha: Bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama

BASTOLA za mitindo ya kale, yaani zile zilizobuniwa tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zingali na wapenzi wengi duniani. Wapo wanaozipenda kwa ajili ya historia, wapo wanaovutiwa na umbo la chuma na mbao, na wapo wanaotafuta burudani ya kulenga shabaha mwishoni mwa wiki. Kwa mkazi wa Tanzania anayefikiria burudani hiyo, swali la bei halitangulii. Yapo mambo matatu yanayolitangulia: sheria, risasi na mahali pa kufyatulia.

Nyanda za Juu Kusini ni mahali panapofaa kuanzia mjadala huu, kwa kuwa historia ya silaha huko iko kando ya barabara. Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Zambia, akishapita Mikumi, hufika Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo, penye mibuyu na masoko ya vitunguu. Kutoka hapo hupanda mlima Kitonga, hupita Ilula, na kabla ya kufika mjini Iringa huikuta Lugalo. Hapo ndipo Agosti 17, 1891, mashujaa wa Mtwa Mkwawa walipokivamia kikosi cha Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Wahehe waliteka takriban bunduki 300 siku hiyo.

Silaha nyingine ziliingia katika ukanda huo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani na Waingereza walipopigana huko mwaka 1916. Kwa muda mrefu pia wakulima wa vijijini wametumia gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, kufukuza nguruwe pori na ngedere mashambani. Ndiyo maana si jambo la ajabu familia kukuta chuma cha babu kimefichwa darini.

Sheria kwanza

Umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, Na. 2 ya mwaka 2015. Sheria hiyo haitofautishi burudani na ulinzi pale inapodai leseni: anayemiliki bastola, iwe mpya au ya mwaka 1908, anatakiwa kuwa nayo. Maombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji anakoishi mwombaji, hupitia kamati za ulinzi na usalama na ngazi za polisi, ndipo uamuzi hutolewa. Mwombaji huchunguzwa mwenendo wake, na hueleza sababu ya kuhitaji silaha.

Adhabu ya kukiuka si ndogo. Mashitaka ya kumiliki silaha bila leseni kwa kawaida hufunguliwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 imeweka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Wapo wanavijiji waliofungwa kwa ajili ya gobore moja. Kwa hiyo anayerithi silaha ya kale asiisafishe, asiijaribu, wala asiiuze kwa jirani. Njia salama ni kutoa taarifa kituo cha polisi kabla ya kuihamisha, na kufuata maelekezo atakayopewa. Kwa anayetaka kutazama historia tu, yapo makumbusho ya Mkwawa huko Kalenga na yale ya Boma mjini Iringa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Huko leseni haihitajiki.

Aina za kuchagua

Mwenye leseni, au anayejiandaa kuiomba, atakuta bastola za mtindo wa kale katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni za kale halisi. Humo imo Luger P08, iliyopokelewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1908, na rivolva ya Webley Mk VI ya Waingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1915. Silaha hizi ni mali ya wakusanyaji, bei yake hupanda kadiri miaka inavyokwenda, na vipuri ni vya kutafuta. Webley hiyo hutumia risasi ya .455 ambayo si rahisi kuipata madukani. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, kundi hili ni la kutazama tu.

Kundi la pili ni miundo ya kale iliyotengenezwa kwa wingi au inayoendelea kutengenezwa. Mifano ni Colt 1911 ya Marekani, Browning Hi-Power iliyotoka Ubelgiji mwaka 1935, na Tokarev TT-33 ya Urusi. Browning hutumia risasi ya milimita 9, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi duniani kwa bastola, na nakala zake hutengenezwa Uturuki kwa bei ya chini kuliko ya asili. Colt 1911 hutumia risasi kubwa ya .45, yenye gharama zaidi na inayorusha mkono kwa nguvu. Tokarev nayo huwa rahisi kwa bei, lakini ile ya asili haina kizuizi cha usalama cha kidole, na risasi zake za akiba ya kijeshi mara nyingi huacha chumvi inayoleta kutu. Mtutu usiposafishwa siku hiyohiyo huharibika.

Kundi la tatu, ambalo ndilo linalomfaa zaidi mlenga shabaha asiye na fedha nyingi, ni bastola za .22 zenye sura ya kale. Risasi ya .22 ina kipenyo cha milimita 5.6, mlio wake ni mdogo, hairushi mkono, na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Zipo nakala za Colt 1911 za kipenyo hicho, na zipo rivolva za mtindo wa mwaka 1873 kama Ruger Wrangler, ambayo ilipotoka mwaka 2019 ilipangiwa bei ya dola 249 nchini Marekani. Msomaji asiichukue bei hiyo kuwa ya hapa. Usafirishaji, vibali, ushuru na faida ya muuzaji huibadilisha kabisa.

Kundi la nne ni bastola za upepo. Mashindano ya Olimpiki yamekuwa na bastola ya upepo ya milimita 4.5 kwa umbali wa meta 10 tangu mwaka 1988, kwa hiyo si kichezeo cha watoto. Kabla ya kuagiza, mnunuzi aulize polisi masharti yake, maana kuwa haina baruti si kinga mbele ya sheria.

Ukaguzi wa iliyotumika

Bastola iliyotumika ikaguliwe na fundi wa silaha mwenye leseni. Mtutu uangaliwe kutu na nyufa. Silinda ya rivolva isilegee nyundo inapovutwa. Kifyatulio kisiachie kwa kuguswa tu. Namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye hati. Namba iliyokwanguliwa ni sababu ya kuondoka dukani papo hapo, hata bei iwe ya kuvutia kiasi gani.

Mahali pa kufyatulia

Hapa ndipo wengi hukwama. Risasi ya .22, pamoja na udogo wake, inaweza kusafiri zaidi ya kilometa moja na nusu. Bonde la Ruaha Mbuyuni linaonekana tupu kwa abiria wa basi, lakini lina wakulima wa vitunguu, wachungaji, wavuvi wa mtoni na barabara kuu yenye malori usiku na mchana. Jiwe hurudisha risasi, na mbuyu si ukuta wa kukingia. Uwanja wa shabaha unaotambulika, wenye tuta nyuma ya shabaha na msimamizi, ndio mahali pekee panapofaa. Kwa jirani zetu wa Kenya, uwanja wa Kirigiti huko Kiambu umekuwa ukitumiwa na wamiliki wa silaha kwa mazoezi ya namna hiyo.

Safari nayo ina masharti. Barabara ya kwenda Iringa hupita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na sheria za hifadhi hukataza kuwa na silaha humo bila kibali, hivyo mwenye bastola aulize kabla ya kuondoka. Nyumbani, bastola ifungiwe ndani ya kasha la chuma, risasi zikiwa mbali nayo na funguo mikononi mwa mwenye leseni peke yake.

Kwa hesabu hiyo, anayetaka kujua kama bastola ni ya bei nafuu ajumlishe leseni, kasha, risasi za mwaka mzima na nauli ya kwenda uwanjani. Kama hana uwanja wa kwenda, hata ya bei ya chini kabisa itakuwa ghali kwake.